Kila Mtu Mbele ya Nyumba Yake

Somo: Nehemia, sura ya 3 hadi ya 5



Wapendwa wasikilizaji, mtu akifiwa, akiugua au akipatwa na msiba wowote, sisi jirani zake tunalo neno ambalo halikosekani midomoni mwetu. Twamwambia, "Jipe moyo." Twalisema neno hilo mlangoni, twalisema makaburini, twaliandika katika barua. Kisha twaenda zetu. Naye tuliyemwambia ajipe moyo anabaki peke yake, akijiuliza huo moyo ataupata wapi. Kama angekuwa nao wa kujipa, asingekuwa na haja ya kuambiwa.

Dominika hii tunapenda kutafakari pamoja nanyi swali hilo: moyo wa watu walio katika taabu hutoka wapi, na hulindwa na nani? Tutaongozwa na kitabu cha Nehemia. Na ili tuone kwamba Nehemia hakuandika mambo ya kale yaliyokwisha, tutautazama pia mji mmoja wa karne ya ishirini, mji wa London, uliopigwa mabomu kutoka angani katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Kabla ya vita hiyo kuanza mwaka 1939, viongozi wa Uingereza walikuwa na hofu kubwa. Hawakuyaogopa mabomu tu, bali waliwaogopa pia watu wao wenyewe. Walidhani kwamba mabomu yatakapoanza kuanguka, wananchi, na hasa maskini wa mitaa ya mashariki kando ya bandari, wataingiwa na kiwewe na kukimbia ovyo. Mwaka 1938 madaktari wa magonjwa ya akili walitabiri kwamba watakaorukwa na akili watahesabiwa kwa mamilioni, nao watawazidi watakaojeruhiwa mwilini. Hospitali za pekee zikatengwa kwa ajili yao. Tena serikali ikabandika matangazo ukutani ya kuwatia watu moyo. Tangazo moja mashuhuri la mwaka huo wa 1939 lilizungumza juu ya ushujaa "wenu" utakaoleta ushindi "wetu". Wengi walilisoma wakakunja uso. Ilionekana kana kwamba wako "ninyi" wa kuvumilia, na wako "sisi" wa kushinda.

Ndugu wapendwa, tuyakumbuke maneno hayo mawili, "ninyi" na "sisi", maana tutayarudia.

Tarehe 7 Septemba 1940, siku ya Jumamosi alasiri, ndege za Ujerumani zaidi ya 300 za kutupa mabomu, zikilindwa na ndege za kivita zaidi ya 600, zilifika juu ya London. Bandari ikawaka moto. Giza lilipoingia, moto ule ukawa taa ya kuziongoza ndege nyingine zilizokuja usiku. Tangu hapo mji ulipigwa usiku 57 mfululizo, na mashambulizi makubwa hayakukoma hadi Mei 1941. Usiku wa mwisho, ule wa tarehe 10 kuamkia 11 Mei, waliuawa watu zaidi ya 1,400 katika mji huo mmoja. Kwa jumla, katika miezi hiyo minane, raia zaidi ya 40,000 waliuawa nchini Uingereza, na karibu nusu yao walikuwa wakazi wa London.

Je, watu walirukwa na akili kwa mamilioni? Hapana. Zile hospitali zilizotengwa zilingoja wagonjwa, nao waliofika walikuwa wachache. Hatusemi kwamba watu hawakuogopa. Waliogopa sana. Wako waliohama, wako waliolala misituni, wako walioyabeba majeraha ya moyo kimya kimya hadi uzeeni. Tena wako walioingia katika nyumba zilizobomoka wakaiba mali ya wenzao. Mji ule haukuwa mji wa malaika. Lakini asubuhi ilipofika, watu walifagia vioo vilivyovunjika, wakafungua maduka, wakaenda kazini. Nini kiliwashika?

Hapa tumwendee Nehemia. Yeye alirudi Yerusalemu akaukuta ukuta wa mji umebomoka na malango yake yameteketea kwa moto. Akawaita watu wajenge. Sura ya tatu ya kitabu chake ni mojawapo ya zile ambazo wasomaji wengi huziruka, kwa sababu imejaa majina tu: fulani mwana wa fulani alijenga hapa, na baada yake akajenga fulani. Lakini tukiisoma polepole tutaona mambo ya ajabu. Makuhani ndio wanaoanza. Kisha yupo mfua dhahabu, yupo mtengeneza manukato, yupo Shalumu pamoja na binti zake. Hakuna hata mmoja wao aliyetajwa kuwa fundi wa kuta. Na mara kadhaa Maandiko yanatuambia kwamba mtu alijenga mahali palipoelekea nyumba yake mwenyewe. Nehemia hakuwaambia watu wajipe moyo. Alimpa kila mmoja kipande chake cha ukuta.

Ndivyo ilivyokuwa London. Katika kila mtaa walikuwapo walinzi wa mtaa, wengi wao watu wa kujitolea wasiolipwa: makarani, wauza duka, wazee waliostaafu, na wanawake wengi. Kazi yao haikuwa ya kutisha kwa macho. Walizunguka usiku kuangalia kwamba hakuna taa inayoonekana dirishani. Lakini walikuwa na kazi nyingine, nayo ndiyo tunayopenda muikumbuke zaidi: walipaswa kujua katika kila nyumba wanalala watu wangapi, na wanalala chumba gani au handaki gani. Nyumba ilipoangushwa, mlinzi aliwaambia waokoaji, "Chimbeni hapa, chini ya ngazi, mama na watoto wake hulala hapa." Watu wengi walitolewa kifusini wakiwa hai kwa sababu jirani alijua walipolala.

Enyi makatekista na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, je, sisi twajua? Nyumba ya mwenzetu ikimwangukia leo, kwa ugonjwa, kwa kufukuzwa kazi, kwa mtoto kupotea, twajua tukachimbe wapi? Au twajua tu kwamba hajalipa zaka, na kwamba jumuiya haijamwona tangu Kwaresima?

Katika mtaa wa Spitalfields lilikuwapo ghala kubwa la matunda, na chini yake chumba ambamo maelfu ya watu walikimbilia usiku. Siku za kwanza palikuwa pachafu mno, hapana vyoo vya kutosha, hapana utaratibu wowote. Akatokea mtu mmoja, Mickey Davies, mtengenezaji wa miwani, mfupi kuliko watoto wengi na mwenye kibiongo. Mtu wa namna hiyo, ulimwengu humwonea huruma au humcheka. Yeye aliunda kamati, akapanga usafi, akatafuta huduma ya kwanza kwa wagonjwa. Baadaye wakuu walipomleta msimamizi wao, watu walimchagua Mickey. Likafunguliwa duka dogo la chai humo humo, na faida yake ikawanunulia watoto maziwa. Je, si mfano wa yule mtengeneza manukato wa Yerusalemu, anayebeba mawe?

Mwenye taabu hahitaji kuhudumiwa tu. Anahitaji pia kuhudumu. Mjane asipewe unga peke yake. Apewe na zamu ya kumtembelea mgonjwa. Moyo wake utasimama siku atakapoona kwamba yupo mtu anayemngoja.

Twende sura ya nne. Maadui walimdhihaki Nehemia. Tobia alisema kwamba hata mbweha akipanda juu ya ukuta huo, utaanguka. Nehemia na watu wake walifanya mambo mawili kwa pamoja: walimwomba Mungu, nao wakaweka walinzi mchana na usiku. Hawakuacha kuomba ili walinde, wala hawakuacha kulinda kwa kuwa wameomba.

Jumapili usiku, tarehe 29 Desemba 1940, yalimwagwa mabomu ya moto juu ya kitovu cha kale cha London. Ilikuwa mwisho wa juma. Ofisi zilikuwa zimefungwa. Makanisa mengi nayo yalikuwa yamefungwa kwa kufuli, na hapana mtu ndani wa kuzima bomu dogo likiwa bado dogo. Maji ya mto Thames yalikuwa yamekupwa, na wazimamoto walitaabika kuyavuta. Makanisa mengi mazuri ya kale yakateketea usiku huo. Lakini Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo halikuteketea. Si kwa sababu mabomu hayakulifikia. Bomu moja lilinasa katika risasi iliyofunika kuba, likaanza kuiyeyusha, kisha likaangukia nje likazimwa. Wala wale walinzi wa kujitolea hawakukaa wakingojea muujiza. Walikuwa darini, na ndoo za mchanga na pampu za mkono, wakizima moja baada ya jingine usiku kucha. Baada ya usiku huo sheria ikatoka kwamba majengo yalindwe dhidi ya moto kwa zamu.

Makanisa yale mengine hayakukosa sala; yalikosa mtu wa kukesha. Bwana wetu alipowaambia mitume wake wakeshe na kuomba, hakutenganisha hayo mawili.

Sasa sura ya tano. Kazi ikiwa katikati, maadui wakiwa nje, kilio kikubwa kikasikika ndani. Maskini walilia juu ya ndugu zao matajiri, waliowakopesha kwa riba, wakachukua mashamba yao na hata watoto wao. Tungetazamia Nehemia aseme, "Nyamazeni, huu si wakati wake, maadui watatusikia." Hakusema hivyo. Alikasirika, akawakusanya wakuu, akawakemea mbele ya watu wote, mashamba yakarudishwa. Alijua kwamba mtu hawezi kuulinda mji ambao ndani yake ananyonywa.

Jambo hili nalo lilionekana London, tena kwa uchungu. Siku za mwanzo, familia nyingi za Canning Town, mitaa ya maskini karibu na bandari, ziliachwa bila makao. Zikakusanywa katika shule iitwayo South Hallsville, zikaambiwa kwamba mabasi yatakuja kuzipeleka mahali pa usalama. Zikangoja. Mabasi hayakuja kwa wakati. Alfajiri ya tarehe 10 Septemba 1940 bomu likaipiga shule ile. Serikali ilitaja vifo 77. Wakazi wa mtaa hawakuikubali hesabu hiyo kamwe, wakaamini kwamba waliokufa walikuwa mamia. Bomu liliua miili. Ahadi isiyotimizwa, na hesabu ambayo watu hawakuiamini, zilijeruhi moyo.

Tena maskini walipotaka kujificha katika vituo vya treni za chini ya ardhi, wakuu walikataa kwanza. Walihofu kwamba watu wakishuka huko hawatapanda tena. Watu walifanya nini? Walikata tiketi ya bei ndogo kabisa, wakashuka, wakakaa. Serikali ikashindwa, ikakubali. Mwishoni mwa Septemba walihesabiwa watu wapatao 177,000 wakilala huko kwa usiku mmoja, na baadaye vikaletwa vitanda, vyoo na chakula. Na asubuhi, wapendwa, walipanda wote wakaenda kazini. Hofu ya wakuu haikuwa na msingi. Watu walihitaji kuaminiwa.

Sisi tulio viongozi wa Kanisa, wa shule, wa familia, tusikie. Mara nyingi tunawaficha watu ukweli tukidai kwamba tunalinda moyo wao. Mgonjwa haambiwi, waamini hawasomewi hesabu, watoto hawaelezwi kwa nini baba hana kazi. Lakini moyo haulindwi kwa uongo. Anayeambiwa ukweli na mtu anayekaa naye hubeba mzigo mzito kuliko tunavyodhani.

Mpaka hapa Nehemia ametuongoza vema. Lakini katika sura ile ile ya nne Nehemia anamwomba Mungu asiwasamehe adui zake, wala dhambi yao isifutwe. Hapo sisi Wakristo lazima tumshukuru, kisha tuendelee mbele yake, maana tumemwona mwingine aliyesali juu ya msalaba.

Usiku wa tarehe 14 Novemba 1940 mji wa Coventry, pia nchini Uingereza, ulipigwa hata watu zaidi ya 500 wakauawa, na kanisa kuu la ndugu zetu Waanglikana likateketea, zikabaki kuta. Katika majivu zilionekana boriti mbili zilizoungua, zimeangukiana mfano wa msalaba. Zikafungwa pamoja, zikasimamishwa. Sikukuu ya Noeli ya mwaka huo, majuma sita tu tangu siku ile, mkuu wa kanisa hilo, Richard Howard, alizungumza kwa redio kutoka katika magofu yake. Hakuomba kisasi. Aliwaalika wasikilizaji wajitahidi kufukuza mawazo ya kulipiza, ingawa ni vigumu, na vita ikiisha wajenge dunia yenye upole zaidi. Baadaye nyuma ya altare pale magofuni yalichongwa maneno mawili tu: "Baba, samehe." Haikuandikwa "uwasamehe". Hakuna "wao" katika sala hiyo. Tumo sisi sote.

Ni vizuri ilikuwa hivyo, kwa maana Waingereza nao walikuwa wanakwenda kufanya yale yale, na zaidi. Mwezi wa Februari 1942 ndege zao ziliamriwa kuulenga moyo wa raia wa Ujerumani, hasa wafanyakazi wa viwanda. Mjini Hamburg, mwaka 1943, waliuawa watu zaidi ya 30,000. Mjini Dresden, Februari 1945, wapatao 25,000. Na huko nako akina mama walifagia vioo, na watu wakaenda kazini. Askofu Mwanglikana George Bell wa Chichester alisimama katika Baraza la Malordi tarehe 9 Februari 1944 akaulaumu upigaji huo wa miji mizima. Wengi walimchukia kwa kusema vile wakati wa vita. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitamka wazi katika hati ya Gaudium et Spes kwamba kuangamiza miji mizima pamoja na watu wake bila kubagua ni kosa dhidi ya Mungu na dhidi ya mwanadamu mwenyewe.

Hivyo tusidanganyike, ndugu. Yapo mambo mawili yanayoweza kuuokoa moyo wa watu usivunjike: upendo na chuki. Chuki nayo huwaunganisha watu upesi, kama moto unavyounganisha nyasi kavu. Lakini moyo uliookolewa kwa chuki umekwisha kupotea. Hata leo iko miji ambamo ving'ora vinalia usiku na watoto wanabebwa gizani. Tukiwaombea, tuwaombee waokoke na mabomu, tena waokoke na chuki. Na sisi tunaosikiliza habari zao tusichague upande wa kuufurahia msiba wake.

Tumalizie kwa habari moja ndogo. Jumba kubwa la picha la London lilikuwa limehamisha picha zake zote za thamani hadi Wales, zisiharibiwe. Kuta zikabaki tupu. Watu walipoomba waone walau picha moja, mwaka 1942 wakuu wa jumba walikubali kuleta moja kila mwezi na kuihatarisha. Ya kwanza katika mpango huo, iliyoombwa na watu wenyewe, ilikuwa ya mchoraji Titian. Inamwonyesha Maria Magdalena bustanini, asubuhi ya Pasaka, amepiga magoti mbele ya Bwana mfufuka.

Tunajua Maria alikuwaje asubuhi ile. Alikuwa analia. Malaika walisema naye, na bado alilia. Moyo wake ulirudi pale tu Bwana alipomwita kwa jina lake. Bwana hakumwambia, "Jipe moyo." Alimwita Maria, kisha akampa kazi: aende kwa ndugu zake akawaambie.

Basi juma hili, kila mmoja wetu amtafute mmoja ambaye nyumba yake imebomoka. Tumwendee, tumwite kwa jina, tumwambie ukweli, tukae naye, na tunapoondoka tumwachie kipande cha ukuta cha kujenga mkabala na chetu. Tusimwambie tena "ninyi" jipeni moyo. Tumwambie: sisi.

Tuombe. Ee Baba, wewe wajua kila mmoja wetu analala wapi usiku huu. Utukeshee tunapolala, utuamshe mwenzetu anapolia. Uwalinde walio chini ya mabomu, uwageuze wanaoyatupa, ututoe sote katika chuki. Utujenge kuwa mji wako mmoja. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.